Paul Ehrlich na siri ya sindano ya mgongo

Ndugu msomaji, wewe unayevuka mpaka Oraba au Vurra na bidhaa zako, bila shaka umesikia habari za malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mimi niliujua nyumbani. Tuliporudi Koboko kutoka Zaire, ambako nilisomea ukimbizini, mjomba alianza kulala mchana na kukesha usiku. Wazee walisema amerogwa. Waganga wa kituo cha afya walipotaka kumchoma sindano ya mgongo, alitoroka. Sababu ya sindano ile niliielewa baadaye, nikiwa mwalimu, niliposoma maisha ya Paul Ehrlich.

Daktari huyu Mjerumani alizaliwa tarehe 14 Machi 1854. Tangu ujana alipenda kuchunguza rangi za viwandani. Mwaka 1885 alieleza kwamba rangi iliyotiwa katika damu ya mnyama huenea viungo karibu vyote, lakini ubongo hubaki mweupe. Alidhani ubongo haushiki rangi. Hapo alikosea. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 alitia rangi ndani ya maji ya ubongo, na ubongo ukashika rangi. Kumbe kulikuwa na kizuizi.

Ehrlich alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akatoa dawa ya kaswende mwaka 1910, akafariki tarehe 20 Agosti 1915 bila kukiona kizuizi hicho. Mwaka 1967 Reese na Karnovsky walikionyesha kwa hadubini ya elektroni: seli zinazofunika mishipa ya damu ya ubongo kwa ndani zimeungana kama bati lililochomelewa. Sehemu nyingine nyingi za mwili, maungio yamelegea kiasi, na maji na dawa hupenya.

Vijidudu vya malale huanza katika damu, kisha huingia ubongoni. Dawa ya pentamidine haiwafuati huko vya kutosha. Melarsoprol, yenye aseniki, iliwafuata, lakini iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Ndiyo maana maji ya mgongo yalipimwa kwanza. Mjomba tulimrudisha amechelewa, akafariki.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya upande wetu si tena tatizo kubwa la afya Uganda. Lakini mbung'o haonyeshi pasi mpakani. Tangu 2018 kuna vidonge vya fexinidazole vinavyofika ubongoni, na wagonjwa wengi hawahitaji tena sindano ile. Ukipata homa isiyoisha baada ya safari, nenda ukapimwe mapema.