Georg Ohm, mtoto wa fundi wa kufuli aliyeacha kazi kwa ajili ya waya

UKIINGIA kwenye vyumba vya kupanga vya wanafunzi kule Lurambi, Kakamega, jioni ya mvua, utakuta soketi moja inalisha chumba kizima. Ekstensheni imetoka ukutani, ikapita chini ya kitanda, ikaishia kwa hita ya kutumbukiza ndoani, pasi na chaja mbili tatu. Maji yakikaribia kuchemka, gusa ganda la huo waya. Lina joto, na hakuna aliyeuagiza waya uchemke.

Aliyetupatia hesabu ya jambo hilo alikuwa mwalimu wa shule, tena wa mshahara mdogo. Wengi wetu tunamjua kama herufi tatu za ubaoni tu: V ni sawa na I mara R. Lakini Georg Simon Ohm alikuwa mtu, na ujana wake ungewachekesha watu wa kampasi.

Alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, Ujerumani. Babake alikuwa fundi wa kufuli ambaye hakusoma sana darasani, ila alijifunza hesabu mwenyewe na kuwafundisha wanawe nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Mwaka 1805 kijana akaingia chuo kikuu cha mji huo huo, na huko akajiachilia: dansi, kuteleza kwenye barafu, na biliadi, ndugu ya pool yetu. Mzee alipogundua jasho lake linaishia kwenye starehe, aliwaka. Baada ya semesta tatu Georg akatolewa chuoni na kupelekwa Uswisi kufundisha hesabu. Alirudi baadaye na kupata udaktari mwaka 1811, lakini karatasi haikuleta pesa. (Hilo nalo si geni kwa yeyote anayetembeza sivii siku hizi.) Akahangaika na vibarua vya ualimu hadi 1817, alipopata kazi katika shule moja ya Cologne iliyokuwa na maabara nzuri.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza swali la ekstensheni. Ukirefusha waya, stima inayopita inapungua kwa kiasi gani?

Jaribio la kwanza, 1825, lilimsumbua. Betri za wakati ule zilikuwa kama zile za tochi kuukuu: ukianza kupima zina nguvu, ukigeuka zimelegea. Utajuaje kama ni waya uliopunguza mkondo au ni betri imechoka? Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri atumie chanzo kingine: metali mbili zilizounganishwa, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Maadamu maji yanachemka na barafu ipo, umeme hautikisiki. Mwaka 1826 akachukua nyaya nane za shaba, fupi kabisa inchi 2 na ndefu inchi 130, akaziunganisha moja moja na kusoma mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa juu yake. Hesabu ikatulia: kadiri ukinzani wa njia nzima unavyokua, ndivyo mkondo unavyopungua, kwa kiwango unachoweza kukipiga kabla hujawasha kitu.

Turudi Lurambi. Soketi ya Kenya ina volti 240. Hita ya wati 1,500 na pasi ya wati 1,000 ni wati 2,500. Gawanya kwa 240, unapata ampea 10 na kitu. Gawanya volti 240 kwa hizo ampea, unapata ukinzani wa vifaa vyote viwili: ohm 23 hivi. Sasa ongeza ekstensheni ya mita 20 ya waya mwembamba. Kwenda na kurudi, ukinzani wake unakaribia ohm 1. Unaonekana mdogo, lakini joto la waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, jambo ambalo Mwingereza James Joule alilionyesha miaka ya 1840. Kumi mara kumi mara moja: wati 100 zinapikwa ndani ya waya wenyewe. Ukiwa umeukunja na kuufunika na godoro, joto hilo halina pa kutokea. Tokeni nazo zinakatwa vilevile.

Ohm alitaka kuandika yote hayo vizuri. Akaomba likizo kwa nusu mshahara, akaenda Berlin alikokuwa mdogo wake Martin, naye mwanahisabati, na mwaka 1827 akatoa kitabu. Alitarajia kingemfungulia mlango wa uprofesa. Wapi! Wenye sauti Ujerumani hawakuzoea fizikia ya hesabu nyingi namna ile, na mkosoaji mmoja alikishambulia vikali. Ohm aliumia, akaacha kazi ya Cologne mwaka 1828, na kwa miaka kadhaa akaishi kwa vipindi vya kufundisha huku na kule Berlin, hadi alipopata nafasi Nuremberg mwaka 1833.

Sifa zilitoka ng'ambo kwanza. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia aliokuwa akiuota tangu ujanani aliupata Munich mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Alikaa nao miaka miwili tu, akafariki Julai 6, 1854.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme walikutana Paris na kukubaliana kipimo cha ukinzani kiitwe ohm. Alama yake ni ile kama kiatu cha farasi, Ω, na fundi yeyote wa simu mjini Kakamega ataigeuzia mita yake akitaka kujua kama waya wa chaja yako umekatika.