King Clancy: Beki mfupi wa hoki aliyenunuliwa kwa dola 35,000 na wachezaji wawili juu

Katika komini ya Ibanda, mjini Bukavu, barafu huonekana ndani ya friji au siku inaponyesha mvua ya mawe. Ziwa Kivu haligandi, na hakuna anayetarajia uwanja wa hoki ya barafuni kujengwa Nyawera au Muhumba. Hata hivyo familia nyingi za Bukavu zina ndugu Canada, na huko watoto wao hufunga viatu vya kuteleza wakiwa bado wadogo. Wakifika miaka 15 au 16 hukutana na kikwazo ambacho vijana wa Ibanda wanakijua vizuri kwenye kandanda na mpira wa kikapu: kocha humtazama mtoto kuanzia utosini hadi miguuni, kisha humwambia kwamba ana kipaji lakini kwa nafasi ya beki ni mdogo mno.

Hoki ya barafuni huruhusu jambo ambalo refa wa kandanda angelitolea kadi. Beki anaruhusiwa kumgonga mpinzani mwenye mpira kwa bega na kifua, na kumbana kwenye ukuta wa mbao unaozunguka uwanja. Mpira wenyewe ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, na wachezaji huteleza kwa kasi kubwa. Ndiyo maana makocha huwapenda mabeki warefu na wazito. Anayetaka kujua kama kijana mfupi anaweza kulipwa kwa kazi hiyo, na kulipwa vizuri, hana budi kurudi nyuma karibu miaka 100, hadi kwa mtu aliyeitwa Francis Michael Clancy.

Jina la kurithi

Clancy alizaliwa Ottawa, mji mkuu wa Canada, mwanzoni mwa karne ya 20, katika familia yenye asili ya Ireland. Jina la King, yaani mfalme, hakulipata kwa ushindi wake mwenyewe. Lilikuwa la baba yake, Thomas Clancy, mchezaji hodari wa kandanda ya Canada, ile inayochezwa kwa mikono na mabega. Enzi hizo mchezo ulianza kwa kurudisha mpira nyuma kwa kisigino, na Thomas alisifika kuwa mfalme wa kazi hiyo. Mtoto akarithi jina, ila umbo la baba hakulirithi.

Alijifunza hoki katika timu ya mjini, St. Brigid's, kisha mwaka 1921 akaenda kujaribu bahati yake kwa Ottawa Senators. Hapo ndipo ujasiri wake unapoonekana. Senators walikuwa wamechukua Kombe la Stanley mwaka 1920 na 1921, wakiwa ndio timu bora duniani. Safu yao ya nyuma ilikuwa na nahodha Eddie Gerard na George Boucher, na langoni alisimama Clint Benedict. Kijana aliyekuwa hajatimiza miaka 20, mwembamba, mfupi kuliko baadhi ya wenzake, alikuwa anaomba nafasi mahali ambapo hapakuwa na nafasi.

Walimchukua, lakini kwa ajili ya benchi. Msimu wake wa kwanza aliutumia zaidi akiwa amekaa, na wa pili haukuwa tofauti sana. Wasimuliaji wengi hukipita kipindi hiki haraka ili wafike kwenye vikombe, na hapo wanakosea, kwa sababu kilichomfanya Clancy awe Clancy kilitengenezwa kwenye benchi hilo. Wakati huo timu zilikuwa na wachezaji wachache sana, na wakubwa walicheza karibu mechi nzima bila kupumzika. Mchezaji wa akiba hakuwa na nafasi yake maalumu: aliingia pale mtu alipochoka, kuumia au kuadhibiwa, na ilimbidi aweze kucheza popote.

Usiku wa Machi 31, 1923

Senators walikuwa Vancouver, ng'ambo ya pili ya nchi, wakicheza fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Edmonton Eskimos. Walikuwa wameshinda mechi ya kwanza kwa mabao 2-1, lakini kikosi kilikuwa kimechoka na kujaa majeruhi. Katika mechi ya pili Clancy aliitwa kuziba kila pengo. Alicheza beki badala ya mmoja, kisha badala ya mwingine. Alikwenda katikati, halafu pembeni kulia na kushoto.

Kisha Benedict akaadhibiwa. Siku hizi kipa akifanya kosa, mwenzake hutoka uwanjani kwa niaba yake. Miaka hiyo kipa mwenyewe alikwenda kukaa kwenye benchi la adhabu na lango likabaki bila mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Benedict alimkabidhi Clancy fimbo yake na kumwachia lango alitunze mpaka arudi. Kijana yule akasimama golini kwa dakika mbili, na hakuna bao lililoingia. Ottawa wakashinda 1-0, kombe likawa lao. Clancy akaandikwa kuwa mchezaji aliyecheza nafasi zote sita katika mechi moja ya Kombe la Stanley.

Baada ya fainali hiyo Gerard aliacha kucheza, na nafasi ikafunguka. Mfupi wa benchi akawa beki wa kila siku.

Kwa nini aliweza

Mtu anaweza kudhani alifanikiwa kwa sababu ya moyo tu, kama wanavyosema watu wanaopenda hadithi tamu. Moyo alikuwa nao, lakini sababu zilikuwa za kimchezo pia. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 sheria zilibana sana pasi za kwenda mbele. Timu iliyonyang'anya kisahani karibu na lango lake ilihitaji mtu wa kukibeba mwenyewe, akiwapita wapinzani mmoja baada ya mwingine. Beki mzito hakuiweza kazi hiyo. Clancy aliiweza. Alianza mbio kwa hatua fupi za haraka, na kabla mpinzani hajageuka alikuwa amekwisha kuvuka katikati ya uwanja.

Msimu wa 1929-30 ligi ya NHL ilifungua pasi za mbele katika kila sehemu ya uwanja, na mabao yakaongezeka kila mahali. Clancy alifunga mabao 17 na kutoa pasi 23 za mabao katika mechi 44, takwimu ambazo mshambuliaji wa wakati ule asingezionea haya. Alikuwa na urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 70 hivi. Katikati ya hayo alikuwa amechukua Kombe la Stanley tena, mwaka 1927, Ottawa walipowashinda Boston Bruins.

Ugomvi alikuwa nao mwingi. Alimvamia kila mtu, hasa waliomzidi kilo 20, na adhabu alizopata katika maisha yake ya uchezaji zilifika dakika 914. Sifa iliyomfuata hadi kaburini ni kwamba hakuwahi kushinda hata pambano moja la ngumi. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba alimchokoza Eddie Shore wa Boston, beki aliyeogopwa kuliko wote, hata Shore akavua glavu tayari kupigana. Clancy aliutazama ule mkono mkubwa, akaushika, akamsalimia kama watu waliokutana sokoni. Hata Shore alishindwa la kufanya.

Farasi na mnunuzi

Mdororo wa uchumi wa 1929 uliikuta Ottawa ikiwa mji mdogo wenye timu kubwa isiyo na fedha. Wenye timu wakaamua kumuuza nyota wao. Huko Toronto, Conn Smythe, bosi wa Maple Leafs, alimtaka, lakini fedha alizoruhusiwa kutumia hazikutosha. Smythe alikuwa na farasi wa mashindano aitwaye Rare Jewel, jike ambaye hakuna aliyemwamini. Septemba 20, 1930, katika mbio za Coronation Futurity huko Woodbine, Rare Jewel alishinda, na kila aliyekuwa amemwekea dola 2 akapokea dola 214.40. Smythe alikuwa ameweka fedha za kutosha.

Mwezi uliofuata Clancy alihamia Toronto kwa dola 35,000 pamoja na wachezaji wawili, Art Smith na Eric Pettinger. Kwa mwaka ambao watu walikuwa wakipanga foleni za mkate, bei hiyo ilikuwa habari ya mjini. Na aliyenunuliwa ni yule ambaye miaka tisa nyuma angeweza kurudishwa nyumbani kwa kuangaliwa tu.

Novemba 1931 Toronto walifungua uwanja mpya, Maple Leaf Gardens. Aprili 1932 wakachukua Kombe la Stanley kwa kuwafunga New York Rangers mechi tatu mfululizo, Clancy akilinda nyuma pamoja na Hap Day. Mara mbili, 1931 na 1934, alichaguliwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi, na mara mbili katikati yake akawa katika kikosi cha pili. Machi 17, 1934, sikukuu ya Mtakatifu Patrick inayopendwa na Waayalandi, klabu ilimfanyia sherehe uwanjani. Aliingizwa kwenye barafu akiwa juu ya kiti cha enzi, amevaa taji, kisha akacheza kwa muda na jezi ya kijani.

Lakini mchezo ule haukuwa vichekesho tu. Desemba 12, 1933, mjini Boston, Clancy alimwangusha Shore na kuondoka na kisahani. Refa hakupuliza filimbi. Shore aliinuka akiwa na hasira, akamgonga kutoka nyuma mchezaji wa Toronto aliyekuwa karibu, na wengi waliamini alidhani ni Clancy. Aliyegongwa alikuwa Ace Bailey. Kichwa chake kilipiga barafu, fuvu likapasuka, na kwa siku kadhaa madaktari walipigania uhai wake. Bailey alipona lakini hakucheza tena. Wachezaji wa miaka hiyo hawakuvaa kofia ngumu. Mzazi anayemwambia mtoto wake mwembamba aache hoki hasemi upuuzi, na kisa cha Bailey, ambaye hakuwa mfupi kama Clancy, kinaonyesha kwamba barafu haichagui.

Baada ya viatu kutundikwa

Clancy aliacha kucheza mwishoni mwa 1936, msimu mpya ukiwa umeanza tu. Alikuwa amecheza mechi 592 za ligi na kufunga mabao zaidi ya 130. Alijaribu ukocha kwa Montreal Maroons, kazi iliyoisha baada ya mechi 18, kisha akawa refa wa NHL kwa miaka 11. Mwaka 1952 aliiongoza Pittsburgh Hornets kutwaa Kombe la Calder, na kuanzia 1953 hadi 1956 alikuwa kocha wa Toronto. Mwaka 1958 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Hoki.

Uongozi wa klabu ulimweka karibu mpaka mwisho. Mwaka 1967 kocha Punch Imlach alipolazwa hospitali, Clancy alishika usukani kwa mechi 10, akashinda 7 na kupoteza 1 tu, na msimu huo Toronto wakatwaa kombe. Miaka yake ya uzeeni aliitumia akiwa amekaa bega kwa bega na Harold Ballard, mmiliki wa klabu aliyehukumiwa kwa wizi na ulaghai mwaka 1972 na ambaye mashabiki wengi hawakumpenda. Clancy hakumwacha. Wapo waliouona huo kuwa uaminifu, na wapo walioona kwamba mzee alipaswa kusema zaidi.

Leo mabeki wa NHL ni wakubwa kuliko wale aliopambana nao, na mtu wa sentimita 170 ni nadra sana katika nafasi hiyo. Mlango haujafungwa kabisa: Jared Spurgeon, asiyefika sentimita 180, amekuwa nahodha wa Minnesota Wild, na Lane Hutson wa Montréal, mfupi vilevile, alichukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi mwaka 2025. Wote wawili wanaishi kwa kilekile alichoishi nacho Clancy, kutoa kisahani nyuma haraka kabla mkubwa hajafika.

King Clancy alifariki mjini Toronto Novemba 10, 1986. Mwaka 1988 ligi ilianza kutoa tuzo yenye jina lake kwa mchezaji anayeonyesha uongozi na kusaidia jamii. Mwaka 2022 ilikwenda kwa P.K. Subban, beki mzaliwa wa Toronto ambaye wazazi wake walihamia Canada kutoka visiwa vya Karibi.