Pierre Bézier na Faili Langu la MB 46

Semista iliyopita nilikosa usingizi kwa sababu ya mtungi. Nilikuwa nimeuchora kwa kompyuta, na nakshi zake mia kadhaa za kupindapinda, uwe zana ya kufundishia hisabati kwenye mazoezi ya ualimu. Mfumo wa kukusanyia kazi unapokea MB 10 mwisho. Faili langu lilikuwa na 46. Zimebaki saa tatu, bando linakaribia kukata, na kila nikilipakia linarudishwa.

Jirani yangu wa hosteli, anayesoma uhandisi, alifungua mipangilio ya programu akacheka. Kumbe mipangilio ile, ambayo sikuwahi kuigusa tangu niweke programu, ilikuwa inavunja kila mkunjo kuwa vijistari vifupi vilivyonyooka kila ninapohifadhi. Alibadilisha sehemu moja tu, mikunjo ibaki mikunjo. Haikufika hata MB 1. Akaniambia nimshukuru Bézier. Mimi nikadhani ni jina la programu.

Kumbe ni mtu, bwana. Pierre Bézier alizaliwa Paris mwaka 1910, kwenye ukoo wa wahandisi. Alisomea uhandisi wa mitambo, akaongeza wa umeme, na mwaka 1933 akaajiriwa na Renault, kampuni ya magari. Alikaa huko miaka 42. Katikati ikapita vita, naye akawa mfungwa wa kivita.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa mashine za kiwandani. Kilichomsumbua ni umbo la gari. Enzi hizo bodi ya gari ilichorwa kwa mkono, ikafinyangwa kwa udongo, kisha mafundi wakachonga vielelezo vya kupimia. Kila mmoja aliupinda mstari kidogo kwa jicho lake, na milango ikija kufungwa, haikai sawasawa. Mashine za kukata chuma kwa kuongozwa na namba zilikuwepo tayari, lakini mkunjo wa bodi utauambiaje kwa namba?

Mwaka 1960 alianza kulitafutia jibu, wakati umri wake unaelekea hamsini na wakubwa wake kazini hawaliamini sana wazo hilo. Jibu lenyewe ni rahisi hadi linakera. Usihifadhi mstari wote. Hifadhi pointi nne: mbili za mwanzo na mwisho, na mbili za katikati zinazouvuta mstari kama sumaku. Hesabu itachora vilivyobaki. Kwenye karatasi bapa hizo ni namba 8 basi. Mkunjo uleule ukiuvunja vijistari 500, unabeba pointi 501, yaani namba 1,002. Zidisha kwa nakshi za mtungi wangu uone MB 46 zilikotoka.

Mfumo wake uliitwa UNISURF, na Renault walikuwa wanautumia kufikia 1968. Haki itendeke hapa: pale Citroën, Paul de Casteljau alishagundua mikunjo hiyohiyo mwaka 1959, ila kampuni yake ikaifanya siri. Bézier aliandika na kuchapisha, ndiyo maana jina lililobaki ni lake. Mimi naona de Casteljau alionewa, ingawa si na Bézier.

Mwaka 1968 huohuo alianza pia kufundisha Paris, kwenye chuo cha CNAM. Alistaafu Renault 1975. Ukidhani alikwenda kupumzika, mwaka 1977 akachukua shahada ya uzamivu ya hisabati. Wengine hapa tunalalamika kurudia somo moja tu!

Alifariki Novemba 1999. Herufi nyingi unazosoma kwenye simu na PDF zimechorwa kwa mikunjo ya aina yake, ndiyo maana ukizikuza hazipasuki.

Mtungi ulifika zikiwa zimebaki dakika 20. Siku hizi, kabla sijachora chochote, nafungua mipangilio kwanza.