Zammit na Siri ya Maziwa ya Mbuzi

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Ukweli wa methali hii ulidhihirika katika kisiwa cha Malta, kwenye Bahari ya Mediterania, kupitia kazi ya daktari ambaye Wamalta humuenzi hadi leo, ingawa madarasani mwetu hatajwi sana: Themistocles Zammit.

Zammit alizaliwa mjini Valletta mwaka wa 1864, Malta ikiwa koloni la Uingereza. Alisomea udaktari katika chuo kikuu cha kwao. Zama hizo, maradhi yaliyoitwa homa ya Malta yaliwatesa raia na wanajeshi. Mgonjwa alilowa jasho, akaumwa na viungo, nayo homa ikapanda na kushuka kwa majuma mengi. Mwaka wa 1887, David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, alitangaza kuwa amekigundua kijidudu kilichosababisha maradhi hayo. Lakini kilimwingiaje mwanadamu? Wapo walioshuku vumbi, wapo walioshuku mbu.

Mwaka wa 1904 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Bruce, naye Zammit akawa mmoja wa wanachama wake. Mwaka uliofuata, Zammit alipima damu ya mbuzi, mnyama ambaye hakuna aliyemshuku, akakuta dalili za maradhi yale yale. Ajabu ni kwamba mbuzi hao walikuwa wazima machoni, wakila vyema na kutoa maziwa tele. Upimaji zaidi ulionyesha kuwa takriban mbuzi mmoja katika kila kumi alikuwa akitoa vijidudu hivyo katika maziwa yake.

Mwaka wa 1906 askari walipigwa marufuku kunywa maziwa ya mbuzi, na wagonjwa kambini wakapungua upesi mno. Je, raia? Wachungaji waliendelea kuwaswaga mbuzi mlango hadi mlango, wakiwakama mbele ya mnunuzi. Maziwa yaliyotoka kiweleni papo hapo, yasiyotiwa maji, yalihesabiwa kuwa safi kuliko yote. Raia hakuwa na kamanda wa kumwamuru, wala maskini hakuwa na maziwa mengine. Homa ikaendelea kuwaandama.

Zammit hakuwa mtu wa fani moja. Kuanzia mwaka wa 1915 aliongoza uchimbaji wa mahekalu ya kale ya Tarxien, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Malta kuanzia 1920 hadi 1926, na mwaka wa 1930 akatunukiwa hadhi ya Sir. Alifariki mwaka wa 1935. Kituo cha kuua vijidudu katika maziwa kwa joto kilifunguliwa kisiwani humo mwaka wa 1938, miaka 33 baada ya ugunduzi wake.

Hapo ndipo penye funzo. Elimu iliyofungiwa maabarani au kambini haimwokoi mama anunuaye maziwa mlangoni pake. Maradhi hayo, ambayo leo huitwa bruselosi, yangalipo nchini Kenya, na katika nyumba nyingi za wafugaji maziwa hunywewa mabichi. Mbuzi mnono si hakikisho la maziwa salama. Moto ndio hakikisho. Mwalimu anayelifundisha hilo, na mwanafunzi anayelifikisha nyumbani kwa wazazi wake, wanaitimiza kazi ambayo Zammit hakuishi kuiona ikikamilika.