Jeevanjee: Mjenzi aliyejulikana kwa kazi zake

DALALI wa viwanja wa Kibara, wilayani Bunda, akimpeleka mteja kwa mjenzi asiyeaminika, jina linaloharibika ni la dalali. Maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee yanaonyesha mjenzi wa kuaminika anavyotambulika.

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 Karachi, mji ambao sasa uko Pakistan. Mwaka 1890 alifungua biashara Mombasa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, alipata kazi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwapatia chakula.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali ambapo mji ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Jeevanjee akaingia kwenye majengo. Alijenga nyumba na ofisi, nyingine akazipangisha kwa serikali, na mwaka 1904 akajenga soko. Kazi iliyokamilika ilimfungulia njia ya kazi nyingine.

Mwaka 1906 aliutolea mji bustani ya mapumziko. Alifariki mwaka 1936. Mwaka 1991 ulipotolewa mpango wa kujenga kwenye bustani hiyo, mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kuupinga, na mpango ukakwama. Bustani ipo hadi leo.

Dalali asitosheke na michoro na maneno matamu. Akague majengo ambayo mjenzi amekwisha kukabidhi, azungumze na waliohamia humo, na ahakiki hati ya kiwanja ofisi ya ardhi kabla mteja hajatoa hata shilingi.