Maisha ya Padri Georges Lemaître, Mtaalamu wa Elimu ya Nyota

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi, katika nchi ya Ubelgiji. Siku zile Charleroi ulikuwa mji wa machimbo ya makaa ya mawe, kama Katanga ilivyo nchi ya machimbo ya shaba. Tangu utoto alitamani mambo mawili: kuwa padri, na kuwa mtu wa elimu.

Alisomeshwa na Mapadri Wayesuiti, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Louvain kujifunza kazi ya injinia. Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914 alijiunga na jeshi, akatumika miaka minne, akapewa nishani ya ushujaa. Baada ya vita aliacha uinjinia akashika hesabu, na mwaka 1920 alipata udaktari. Ndipo akaingia seminari ya Malines, na tarehe 22 Septemba 1923 Kardinali Mercier akampa upadri. Akaendelea na masomo Uingereza na Marekani, na mwaka 1925 akarudi Louvain kufundisha.

Miaka kumi kabla, mtaalamu mkuu Albert Einstein alikuwa ameandika sheria ya nguvu inayovuta vitu vyote. Ilikuwa sheria nzuri ajabu: kwa alama chache za hesabu ilieleza embe linaloanguka mtini na sayari zinazolizunguka jua. Lakini hesabu hizo zilionyesha kwamba ulimwengu hauwezi kukaa bila kubadilika. Einstein alipenda ulimwengu uliotulia. Kwa hiyo mwaka 1917 aliongeza kipimo kipya katika sheria yake ili autulize.

Padri Lemaître alizifuata hesabu mpaka mwisho wake, akazilinganisha na mwanga wa makundi ya nyota yaliyo mbali. Mwanga wa kitu kinachokwenda mbali nasi huelekea wekundu, kama mlio wa garimoshi unavyoshuka likiisha kupita. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Chukua kibofu cha mpira, ukitie alama za makaa, ukipulize: kila alama yaachana na nyingine, ijapokuwa hakuna hata moja inayotembea juu ya kibofu. Ndivyo yanavyoachana makundi ya nyota.

Mwaka ule ule, mjini Brussels, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sawa, lakini wazo lake juu ya ulimwengu linachukiza. Padri hakuliacha wazo lake. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vyake vya nyota, navyo viliafikiana na hesabu za padri. Baadaye Einstein mwenyewe alikubali. Mwaka 1931 Lemaître alifikiri zaidi: ikiwa vitu vyaachana leo, basi zamani za kale vyote vilikuwa pamoja, katika chembe moja tu. Leo wataalamu wanahesabu kwamba tangu hapo imepita karibu miaka bilioni 14.

Watu wengi walifurahi, wakadhani kwamba hesabu sasa zimethibitisha kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1951 hata Baba Mtakatifu Pio XII alihutubia wataalamu akionyesha jinsi elimu hiyo inavyopatana na fundisho la uumbaji. Lemaître hakuridhika. Alijua kwamba hesabu ya leo yaweza kusahihishwa kesho; na imani iliyojengwa juu yake ingetikisika pamoja nayo. Aliona kwamba Maandiko Matakatifu yanatufundisha njia ya wokovu, na kwamba vipimo vya nyota hutafutwa kwa macho, vyombo na akili.

Tangu mwaka 1960 alikuwa Rais wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, Penzias na Wilson, walitangaza kwamba wamegundua mnururisho hafifu unaotoka pande zote za mbingu, mabaki ya joto la zamani zile. Habari hiyo ilimfikia akiwa mgonjwa. Alifariki tarehe 20 Juni 1966. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa nyota ulimwenguni kilikubali sheria ya kutanuka kwa ulimwengu iitwe kwa majina mawili: Hubble na Lemaître.

Basi mkatekumeni akisikia shuleni habari za nyota zilizo za kale mno, asifadhaike, wala asifiche kitabu chake. Padri huyu alisoma Misa asubuhi na kupiga hesabu mchana, wala hakuona haja ya kuacha hata moja.