Aliyeeneza dawa ya nywele alianza na kichwa chake

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi. Hata hivyo, yupo mtu mmoja aliyeikaidi methali hiyo, na kwa kuikaidi akawaachia wanawake weusi wengi ulimwenguni, wakiwamo wa mji huu wetu wa Garissa, kitu ambacho hadi leo wanakipaka vichwani bila ya kujua kilianzia wapi. Mtu huyo ni Garrett Augustus Morgan, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka wa 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake. Nimeona heri niwasimulie wasomaji maisha yake, kwa maana naamini yana funzo ambalo saluni zetu zinalihitaji mno.

Pengine atatokea wa kuniuliza nywele zina uzito gani katika mji ambao wanawake wake hujitanda kuanzia utosini hadi nyayoni. Mwenye swali hilo hajawahi kuingia katika ua wa wanawake siku ya harusi. Nywele za mwanamke wa hapa hazionekani barabarani, lakini nyumbani kwake zinatunzwa kama dhahabu iliyofungiwa sandukuni. Tangu jadi akina mama wa Kisomali huziosha kwa unga wa majani ya mkunazi, ambao wao huuita qasil, kisha wakazipaka mafuta ya simsim na kuzitia hina. Nao wanawake wa Kipokomo na sisi tuliokuja huku kwa kazi za serikali tuna mapishi yetu. Juu ya hayo, mafundisho ya Kiislamu yamekataza kuunga nywele za mtu kwa nywele za mtu mwingine. Kwa hiyo wako wengi ambao, wakitaka nywele ndefu zenye kuteleza, huona afadhali walainishe zile zao wenyewe kwa dawa. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaodai kwamba kila anayetia dawa anajionyesha kwa watu au anamwiga mzungu. Nywele inayofunikwa inamwonyesha nani?

Turudi kwa Morgan. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 katika jimbo la Kentucky, akiwa mtoto wa saba katika familia ya watoto kumi na mmoja. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Shule hakuipata zaidi ya masomo ya msingi, na alipokuwa kijana wa umri wa miaka kumi na minne hivi aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mji wa Cincinnati. Mwaka wa 1895 alihamia Cleveland, kando ya ziwa Erie, na huko akaajiriwa kufagia katika kiwanda cha nguo. Mfagiaji huyo alikuwa na macho yanayoona. Alizichunguza cherehani mpaka akazijua kiungo kwa kiungo, akawa fundi wa kuzitengeneza, na mwaka wa 1907 akafungua karakana yake mwenyewe. Baadaye yeye na mkewe walianzisha kiwanda cha ushonaji.

Ni katika kazi ya cherehani ndipo habari ya nywele ilipoanzia. Sindano za mashine zilikuwa zikienda kwa kasi hata zikapata moto na kuuchoma uzi wa sufu. Morgan akawa anatafuta maji ya dawa ya kuisugulia sindano ili isiunguze. Inasimuliwa kwamba siku moja alijifuta mikono kwa kitambaa chenye manyoya, na aliporudi akakuta manyoya yale yaliyokuwa yamejikunja yamenyooka. Mtu mwingine angekitupa kitambaa akaendelea na shughuli zake. Yeye alimchukua mbwa wa jirani, mwenye manyoya ya kujisokota, akampaka dawa ile, na manyoya yakanyooka hata mwenye mbwa asimtambue mnyama wake. Najua hapa kwetu wengi hawamgusi mbwa, na pia sisemi kwamba kumjaribia dawa mnyama wa watu ni jambo la kusifiwa. Linalonigusa ni hatua iliyofuata. Kabla ya kumwuzia mtu yeyote, Morgan aliipaka dawa hiyo katika nywele zake mwenyewe, kidogo kidogo, hadi kichwa kizima.

Mwaka wa 1913 alikuwa na kampuni ya kuuza marhamu hiyo. Jina alilolipa lilikuwa jina lake mwenyewe, G. A. Morgan. Hakuishia hapo. Aliuza pia mafuta ya nywele, rangi na vitana, kwa kuwa alielewa jambo ambalo wengi wetu hatulielewi, kwamba dawa hunyoosha tu, na ulaini hutokana na matunzo yanayofuata.

Fedha za nywele ndizo zilizomwezesha kushughulikia mambo makubwa zaidi. Mwaka wa 1914 alipata hataza ya kofia ya kujikinga na moshi, yenye mrija mrefu unaofika chini karibu na sakafu, mahali ambapo hewa huwa safi zaidi penye moto. Hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipomkabili uso kwa uso. Watu wa majimbo ya kusini wasingenunua chombo cha kuokoa maisha kilichobuniwa na mtu mweusi, kwa hiyo alimkodi mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, na yeye mwenyewe akavaa mavazi ya Wahindi Wekundu na kuingia katika hema lililojaa moshi ili watazamaji waone kwamba kofia inafanya kazi.

Julai 1916 kulitokea mlipuko katika handaki lililokuwa likichimbwa chini ya ziwa Erie kwa ajili ya kupeleka maji mjini Cleveland. Wafanyakazi walinaswa ndani, na waokoaji walioteremka kuwafuata wakazidiwa na gesi. Ndipo Morgan alipoitwa. Yeye na ndugu yake Frank walivaa kofia zile wakashuka, wakawatoa watu waliokuwa hai pamoja na maiti. Medali za ushujaa zikaenda kwa wengine. Zaidi ya hayo, picha na habari zake zilipoenea, baadhi ya wateja walivunja mikataba kwa kuwa sasa walijua rangi ya mvumbuzi. Aliyekuwa tayari kuvuta gesi kwa ajili ya watu asiowajua alipoteza biashara kwa sababu ya ngozi yake.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1920 alianzisha gazeti la watu weusi pale Cleveland. Tarehe 20 Novemba 1923 alipata hataza ya chombo cha kuongoza magari chenye umbo la herufi T, kilichoendeshwa kwa mkono. Hakikuwa cha kwanza cha aina yake duniani, kama wengi wasemavyo, lakini kilikuwa na ishara ya tatu ya kuyasimamisha magari ya pande zote ili njia panda ipate kuwa tupu kabla ya wengine kuruhusiwa. Haki zake aliiuzia kampuni ya General Electric. Katika uzee wake macho yalimdhoofika kwa ugonjwa wa glakoma, naye akafariki tarehe 27 Julai 1963. Mwaka wa 1991 mji wa Cleveland ulikiita kimoja cha viwanda vyake vya kusafishia maji kwa jina lake, miaka sabini na mitano baada ya ajali ya handaki.

Sasa tujiulize kama sisi tunayatendea nywele zetu kwa uangalifu wa Morgan. Binti wa dada yangu aliwahi kutoka katika saluni moja, ambayo sitaitaja, akiwa na vidonda vya majimaji nyuma ya masikio. Alipopiga kelele kwamba anaungua aliambiwa avumilie ili nywele zishike. Dawa yenyewe ilichotwa katika mkebe usiokuwa na lebo. Hakuna aliyejua imetengenezwa wapi, wala ina nini ndani yake.

Yafaa ieleweke kwamba nyingi za dawa hizi zina kostiki soda au chumvi nyingine kali za jamii hiyo, ambazo hukata viunganishi vilivyo ndani ya unywele na kuufanya unyooke. Unywele uliokatwa viunganishi haurudi kuwa ulivyokuwa. Ndiyo maana dawa hupakwa kwenye mizizi mipya pekee, kwa muda ulioandikwa, kisha huoshwa kabisa kwa sabuni maalumu ya kuondoa ukali wake. Kuungua si dalili kwamba imeshika, ni dalili kwamba ngozi inaliwa.

Isitoshe, utafiti uliochapishwa Marekani mnamo Oktoba 2022, ambao uliwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka kumi na mmoja, ulionyesha kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya maradufu ya wale wasiotumia kabisa. Watafiti hawakusema wamethibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoisababisha, na idadi ya waliougua bado ilikuwa ndogo. Hata hivyo, mwenye busara hangojei nyumba iungue ndipo anunue ndoo. Anayetia dawa kila baada ya wiki sita na azipunguze ziara hizo.

Kuzipunguza kunawezekana, ikiwa nywele zilizokwisha kulainishwa zinatunzwa. Hewa ya Garissa ni kavu, jua ni kali, na maji ya visima vingi yana chumvi inayoacha utando kwenye nywele. Anayepata maji ya mvua aoshee hayo, na baada ya kuosha apake dawa ya kulainisha na kuisuuza. Badala ya pasi ya moto kila asubuhi, zikiwa bado na unyevu azizungushie kichwani kama kilemba au azifunge kwa rola kubwa, azifunike kwa kitambaa laini cha hariri au satini, azingojee zikauke, kisha azifungue na kuzichana kuanzia nchani. Zitashuka zenyewe, laini na za kuteleza. Mafuta yawe machache, kwani yakizidi hukamata vumbi. La muhimu kuliko yote kwa mji wetu, asijitande juu ya nywele zilizolowa, maana hukatika na kunuka. Chini ya hijabu ya pamba avae kitambaa laini, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta na kuzikwaruza.

Kwa wenye saluni nina ombi moja. Chukueni mfano wa Morgan: jaribuni dawa kwanza nyuma ya sikio la mteja, mngoje, na mumwonyeshe mkebe wenye jina la aliyeitengeneza. Nao maafisa wa afya wa kaunti, ambao hukagua hoteli na vichinjio, waingie pia katika saluni, na kwa kuwa hizo ni za wanawake, watumwe maafisa wanawake. Mtu ambaye ulimwengu ulimlazimisha kuificha sura yake hakulificha jina lake kwenye dawa aliyowapaka watu vichwani. Sisi tusiolazimishwa na mtu yeyote tuna udhuru gani?